Maswali ya Wasomaji: Nimetazama masomo yote ya Excel, mbona mikono haijui?

Barua nyingi zilizofika kwenye meza ya ukurasa huu tangu toleo lililopita zinahusu kompyuta, na katika hizo wengi wanauliza habari za lahajedwali, yaani programu za majedwali ya hesabu, hasa Excel. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa wasomaji wengine kadhaa waliuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Swali: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Mimi ni binti wa Kimara mwenye stashahada ya uhasibu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama masomo ya Excel kwenye simu kila jioni, na nimepata cheti cha kozi moja ya mtandaoni. Majuzi niliitwa kwenye usaili katika ofisi moja maeneo ya Posta. Nilipewa kompyuta na faili la mauzo, nikaambiwa nikokotoe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kila bidhaa, kisha mshahara halisi, yaani unaobaki baada ya makato, wa wafanyakazi wachache. Nilijua jibu linavyotakiwa kuonekana, lakini sikujua nianzie wapi. Je, nilipie kozi nyingine, safari hii ya darasani?

Jibu: Dada yangu, usilipe kwanza. Maelezo unayo, pengine ya kutosha kumfundisha mtu mwingine. Usichokuwa nacho ni mazoea ya kuamua. Mwalimu wa kwenye video anapobofya seli hii (kisanduku kimoja cha jedwali) na kuiacha ile, uamuzi ameufanya yeye, nawe unaona matokeo tu, ndiyo maana kila hatua huonekana rahisi. Kwenye usaili hapakuwa na wa kukuamulia. Dawa yake ni kuanza mara nyingi na ukurasa mtupu, usio na alama yoyote ya kukuelekeza, na kabla ya kila hatua kusema unatarajia kitokee nini.

Tuchukue hilohilo lililokukwamisha. Fungua lahajedwali mpya. Kwenye safu A, kuanzia mstari wa pili, andika majina ya bidhaa kumi za duka lolote unalolijua, na kwenye safu B bei zake bila VAT. Kwenye seli E1 andika 18%, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara. Sasa nenda C2, andika =B2*E1, lakini usibonyeze Enter kabla hujaandika kwenye karatasi jibu unalolitarajia. Ikiwa bei ni shilingi 12,000, uwe umeandika 2,160. Bonyeza. Bila shaka umepatia. Kisha buruta fomula hiyo mpaka bidhaa ya kumi, na hapo utaona sifuri tupu zikishuka.

Usikimbilie kurekebisha, wala usirudi kwenye video. Bofya C3 usome kilichoandikwa: =B3*E2. Ulipoburuta fomula mstari mmoja chini, programu ilisogeza anwani zote mbili, ya bei na ya kiwango, na kwa kuwa E2 haina kitu, bei imezidishwa kwa sifuri. Hilo ukiligundua kwa macho yako mwenyewe, alama ya dola utaielewa, hutahitaji kuikariri. Rudi C2, weka kishale kwenye E1 ndani ya fomula, bonyeza F4 (kwenye kompyuta mpakato nyingi utabonyeza Fn pamoja nayo), na anwani itakuwa $E$1, iliyofungwa isisogee. Buruta tena. Halafu badilisha 18% iwe kiwango kingine chochote utazame safu nzima ikibadilika. Viwango vya kodi hujadiliwa bungeni kila mwaka wa bajeti, na mwaka huo huanza tarehe 1 Julai. Aliyeandika 0.18 ndani ya kila fomula anajiwekea kazi ya bure kila sheria ya fedha inapopita.

Zoezi hilo lina mtego wa pili, nao huwanasa hata wahasibu wenye kazi. Bei inayobandikwa kwenye bidhaa dukani mara nyingi tayari ina VAT ndani yake. Kwa bei ya namna hiyo, shilingi 12,000 hazizai VAT ya 2,160, bali 12,000 mara 18 gawa kwa 118, yaani shilingi 1,830 na senti. Andika fomula zote mbili kwenye safu zilizo jirani, utazame tofauti yake, na siku ya usaili uulize kabla ya kuanza: bei hizi zina VAT au hazina? Mwajiri makini atalipenda swali hilo kuliko utakavyomfurahisha kwa mwendo wa vidole.

Mshahara ndio zoezi lenye manufaa zaidi kwa mtu wa fani yako, nami makusudi sitakuandikia fomula nzima. Viwango vya kodi ya mapato ya mfanyakazi vilivyoanza Julai 2021 kwa Tanzania Bara viko hivi: shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, kinachozidi hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachozidi hapo mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi milioni asilimia 30. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, tuseme asilimia 10, huondolewa kabla ya kukokotoa kodi. Jenga fomula kwa IF (amri ya "ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo fanya vile") zilizoingiana, moja baada ya nyingine, ukiijaribu kila unapoongeza tawi. Usiandike zote tano kwa pumzi moja ndipo ubonyeze Enter. Ukimaliza, mpe mfanyakazi wako wa kubuni mshahara wa milioni moja. Mchango ni 100,000, kinachotozwa kodi ni 900,000, na kodi inapaswa kuwa 103,000, hivyo mkononi anabaki na 797,000. Usipopata hivyo, bofya kila kipande ujue ni tawi gani lililoteleza.

Hata ukipata 103,000, hujamaliza. Jaribu kwenye mipaka yenyewe. Mtu mwenye kipato cha 520,000 baada ya mchango anapaswa kulipa 20,000, na mwenye 520,001 asiruke ghafla, bali alipe senti ishirini zaidi. Mwenye 760,000 alipe 68,000, na mwenye milioni kamili alipe 128,000. Fomula nyingi za IF hufanya vizuri katikati ya kila daraja zikaharibika mpakani, kwa sababu mwandishi ameweka alama ya ndogo kuliko pale ilipotakiwa ndogo kuliko au sawa na, au amesahau kujumlisha kodi ya madaraja ya chini. Baada ya hapo funga faili bila kulihifadhi. Kesho yake lianze tena tangu mwanzo bila karatasi. Najua inaumiza kutupa kazi nzuri, lakini lililobaki kwenye faili si lazima liwe limebaki kichwani.

Kuhusu kozi ya darasani, kama bado unaitaka, omba kuhudhuria kipindi kimoja kabla ya kulipa, na uangalie jambo moja tu: kibodi iko mikononi mwa nani? Ikiwa kwa sehemu kubwa ya kipindi mwalimu anaonyesha ukutani na wanafunzi wanaandika kwenye madaftari, hiyo ni video ileile uliyoitazama Kimara, ila imeongezwa nauli ya mwendokasi.

Swali: Mhariri, mimi ni mhazini wa kikoba huku Mbagala. Sina kompyuta, nina simu janja tu. Nilijaribu kuhamishia daftari la hisa kwenye simu, lakini kila nikijumlisha, jumla inakuja sifuri. Pia namba za simu za wanachama zinapoteza sifuri ya mwanzo. Je, nisubiri mpaka nipate kompyuta?

Jibu: Usisubiri, ndugu mhazini. Simu inatosha kuanza. Google Sheets ni ya bure, na faili ukiliwekea ruhusa ya kutumika bila intaneti unaweza kufanya mazoezi hata bando likiisha. Kioo cha simu kitakubana tu utakapofika kwenye majedwali mapana.

Nina hakika kubwa kwamba kiasi umekiandika kama tunavyokiandika kwenye risiti zetu: 5,000/=. Kwa macho ya binadamu hiyo ni fedha. Kwa programu ni maneno, kwa sababu ya mkwaju na alama ya sawasawa vilivyofuata, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka maneno bila kulalamika. Dalili yake ni mkao: usipogusa mpangilio wowote, namba husogea kulia mwa seli na maneno hukaa kushoto. Tumia sehemu ya kutafuta na kubadilisha, tafuta /= na mahali pake usiweke chochote. Jumla itajitokeza. Namba za simu zina tatizo kinyume cha hilo: kwa kuwa ni tarakimu tupu, programu inazichukua kama hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani. Chagua safu hiyo, ipe mpangilio wa maandishi ya kawaida kwanza, ndipo uandike upya.

Kwa mazoezi, wewe una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana. Chukua mwezi ambao kikoba kimekwisha kuufunga kwenye daftari, hesabu zikakubaliwa na wanachama, uuingize wote kwenye simu kama vile haujafungwa. Jumla ya hisa, ya mikopo na ya faini tayari unazijua. Zikitofautiana hata kwa shilingi mia tano, tafuta mpaka uone iliko. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa ya nyuma, na daftari la karatasi liendelee kuwa ndilo rasmi mpaka vitabu viwili vikubaliane kila mara. Utakapowashirikisha wanachama faili hilo, wape ruhusa ya kutazama tu. Kidole cha mtu kinaweza kufuta mkopo wa mwingine bila nia mbaya yoyote.

Swali: Nina duka la vifaa vya simu Kariakoo. Mauzo ya tarehe 3 Julai yanahesabiwa kwenye mwezi Machi, lakini ya tarehe 25 Julai hayahesabiwi popote. Kwa nini?

Jibu: Kompyuta yako imewekwa kwenye utaratibu wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ukiandika 03/07 inasoma Machi 7. Ukiandika 25/07 inatafuta mwezi wa ishirini na tano, inaukosa, na kuiacha tarehe hiyo kama maneno. Badilisha mpangilio wa eneo kwenye mipangilio ya kompyuta, si kwenye seli moja moja, kisha ziandike upya zile zilizokwisha kuingia, kwa maana zilizosomwa vibaya hazijirekebishi zenyewe. Ili uone kinachotendeka ndani, andika 1 kwenye seli tupu ya Excel kisha uipe mpangilio wa tarehe: utaletewa Januari 1, 1900. Kila tarehe ni idadi ya siku tangu hapo, na ndiyo sababu unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku ambazo mzigo umekaa dukani.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha kompyuta katika kituo cha mafunzo huko Temeke. Nina wanafunzi 30 na kompyuta 8 zinazofanya kazi. Huwa ninaonyesha kwa projekta, kisha wanafanya zoezi kwa muda uliobaki. Mtihani wa maandishi wanafaulu, lakini wakienda maofisini kwa mafunzo ya vitendo ninaletewa malalamiko kwamba hawajui kitu. Nibadilishe nini?

Jibu: Mwalimu, geuza mpangilio wa kipindi. Wape kazi kwanza, wakwame, ndipo ueleze. Maelezo yanayomfikia mtu aliyekwisha kukwama hupata mahali pa kushika. Uhaba wa kompyuta nao unaweza kukusaidia. Ligawe darasa mara mbili. Kumi na watano wakae kwenye mashine wawiliwawili, na kumi na watano wabaki mezani na jedwali lililochapishwa lenye fomula chache, waandike kwa kalamu kitakachoonekana kwenye kila seli fomula ikinakiliwa chini au kulia. Katikati ya kipindi wabadilishane, na walio kwenye zamu ya pili wapime utabiri wao kwenye mashine.

Kwenye kila kompyuta, mmoja ashike kibodi na mwenzake atoe maagizo, na mwenye kibodi asifanye lolote ambalo hajaambiwa. Baada ya dakika chache wapokezane. Wewe mwenyewe usishike kipanya cha mwanafunzi. Najua jinsi inavyowasha kumwona kijana akizunguka menyu yote akitafuta kitu kilicho mbele ya pua yake, lakini ukimnyang'anya na kumwonyesha haraka, utakuwa umemaliza tatizo lake na kumwachia kutojua kwake kukiwa palepale.

Mafaili unayowapa yasiwe safi. Ofisini hakuna faili safi. Tengeneza jedwali la mauzo uliloliharibu kwa makusudi: namba chache ziwe maneno, SUM moja iishie mstari mmoja kabla ya mwisho, mstari mmoja uwe umefichwa, na jumla ndogo zijumlishwe pamoja na vipengele vyake hadi jumla kuu iwe maradufu. Usiwaambie makosa ni mangapi. Waandike kila walichokiona na walivyokigundua.

Walimu wengine huweka seli inayojisahihisha yenyewe, yaani fomula ya IF inayotoa neno Sawa au Rudia. Inafaa kwa siku za mwanzo, ingawa wajanja hubofya seli hiyo wakasoma jibu ndani ya fomula. (Nisingewaadhibu. Aliyejua pa kusoma amekwisha kujifunza jambo.) Afadhali kuwazoesha kufikia jibu kwa njia mbili: jumla ya mistari ilingane na jumla ya safu, na zisipolingana wajue wenyewe kwamba kuna kitu.

Mazoezi bora zaidi ni yale ambayo jibu lake limechapishwa mahali pengine. Sensa inatufaa sana hapa. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, na mwaka 2022 watu 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka 4,364,541 ukafika 5,383,728. Waulize: wastani wa ongezeko kwa mwaka ni asilimia ngapi? Karibu wote watatafuta ongezeko la miaka yote, watapata asilimia 37.4 kwa taifa, watagawa kwa kumi na kukuletea 3.7. Takwimu rasmi zinasema 3.2. Usiwaeleze. Waache wagombane na tofauti hiyo mpaka mmoja wao aone kwamba watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanazaa mwaka unaofuata, kwa hiyo hesabu ni ya kulimbikiza. Idadi ya 2012 ikiwa kwenye A2 na ya 2022 kwenye B2, fomula ni =(B2/A2)^(1/10)-1. Kwa Dar es Salaam fomula hiyohiyo itawapa 2.1, nao watashangaa kuona jiji lao likikua polepole kuliko nchi. Mjadala utakaofuata unaweza kuwa wa jiografia kuliko wa kompyuta, nami nisingeuzuia.

Swali: Mhariri, mimi ni mstaafu wa hapa Magomeni na ninasimamia hesabu za nyumba ya kupangisha. Nimeanza kujifunza Excel, lakini mjukuu wangu ananicheka. Anasema siku hizi unaiambia akili mnemba inakuandikia fomula, hakuna haja ya kujichosha. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kwamba inaandika, ni kweli, na mara nyingi inaandika vizuri. Mjukuu hajasema ni nani atakayejua siku ilipokosea. Mwaka 2010 wanauchumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitaja sana walipotetea kubana matumizi. Miaka michache baadaye mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala iliyokwisha kuchapishwa. Alichagua hiyo, majibu yakakataa kufanana, na alipotumiwa faili lenyewe na waandishi akaona wastani mmoja umechukua mstari wa 30 mpaka wa 44 badala ya kufika wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Kosa hilo halikuwa kubwa kuliko yote aliyoyataja yeye na walimu wake, lakini waandishi walilikiri. Wataalamu wangapi walikuwa wameisoma makala ile bila kufungua seli!

Mzee, mkubalie mjukuu akuletee fomula. Kisha mwambie aijaribu mbele yako kwa mpangaji aliyelipa kamili, aliyelipa nusu, asiyelipa kabisa, na chumba kisicho na mtu. Chumba kitupu ndicho huvuruga: seli isiyo na kitu inaweza kuhesabiwa kama deni la kodi nzima, au ikagawanya kwa sifuri na kukuletea #DIV/0!. Majibu ya hao wanne unayo kichwani tangu kabla ya kompyuta kuingia nyumbani kwako, kwa hiyo msahihishaji ni wewe. Ikishindwa kwa mmoja, mwombe akueleze kila kipande cha fomula hiyo kinafanya nini, naye asipoweza, kaeni wote wawili mbele ya seli tupu muijenge upya.